Gauni la Mwili Uliokuwa Unakuja

Sogeeni karibu, na mwenye haraka ya kuhukumu akae nyuma kabisa, maana kesi hii imewashinda wengi walioisikia kabla yenu.

Morogoro, upande wa milima ya Uluguru, alikuwepo mjane aliyeitwa Mama Kandida. Mumewe alipokuwa hai alimnunulia kitenge cha zambarau, akamwambia akitunze mpaka siku watakapomwoza binti yao. Baba hakuifikia siku hiyo. Harusi ya Kandida ilipotangazwa, mama alikitoa kitenge sandukuni, akakinusa, akaapa kwamba ataingia ukumbini na hicho na si kingine.

Shida ilikuwa mwili. Tangu msiba ule alikuwa amenenepa, na kitenge kilikuwa kile kile. Ndipo wakajitokeza watu watatu wa kumsaidia, kila mmoja na kipaji chake. Mdogo wake, Skolastika, alikuwa mjuzi wa vifaa. Chochote chenye betri kilimtii. Kocha Mbena, kiongozi wa kikundi cha jogging cha mtaani, alikuwa na hesabu kichwani na filimbi shingoni. Fundi Tindwa alikuwa na mkasi ambao watu walisema unaijua njia hata taa zikizimika. Wote watatu walimpenda, hilo msilitilie shaka.

Skolastika alimvalisha saa ya kuhesabu kalori, zile mtu anazozichoma akifanya mazoezi. Ilikuwa saa ya shemeji yao, dereva wa lori, mtu wa miraba minne. Saa iliendelea kuamini kwamba imefungwa kwenye mkono wa bwana yule, kwa uzito wake na urefu wake, na hakuna aliyeiambia vinginevyo. Tena ilikuwa inasikiliza mkono unavyotikisika. Mama Kandida akikanda unga wa chapati, saa ilimhesabia kwamba yuko barabarani anakimbia. Skolastika alisoma namba, akampongeza dada yake, na dada kwa furaha akajiongezea chapati nyingine, kwa kuwa alishaichoma kabla hata haijaiva.

Kocha Mbena naye alikuwa na hesabu yake ya wakimbiaji. Alihesabu tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na mliowahi kukimbia na vikundi vya jogging mnajua katikati hapo kuna nini. Kuna nyimbo, kuna kunyoosha viungo, kuna kuwasubiri wa nyuma, kuna picha za pamoja, halafu kuna supu. Kwa hesabu ya kocha hata picha zilichoma mafuta. Akajumlisha, akagawanya, akamtangazia mama mbele ya kikundi kizima kilo atakazokuwa amepunguza siku ya harusi, na wenzake wakampigia makofi.

Fundi Tindwa aliupima mwili uliosimama mbele yake kama fundi yeyote. Kisha akaisikia hesabu ya kocha, akatoa inchi.

"Nikikata kwa kipimo cha leo litakupwaya, Mama Kandida," alimwambia. "Namshonea yule anayekuja."

Akakata. Siku zote alikuwa akiacha mshono mpana wa akiba, lakini safari hii aliuamini mwili uliotabiriwa na kocha kuliko futi yake mwenyewe. Kipande kilichobaki akakitengenezea kilemba.

Sasa mtafuteni mwongo hapo. Mimi nimemtafuta, sijampata.

Lakini kuna jambo moja ambalo watatu hao hawakulijua. Gauni lililetwa Alhamisi ya wiki ya harusi. Mama Kandida alijifungia chumbani akalijaribu, na zipu ikapanda hadi kiunoni ikagoma. Aliketi kitandani akaitazama picha ya mumewe, kisha akaigeuza iangalie ukuta, kwa kuwa aliona haya. Angeweza kumwita fundi, na muda wa kurekebisha ulikuwepo. Ila angemwambia nini? Mtaa mzima ulikuwa umemwona na viatu vyake vya kukimbilia. Sokoni alikuwa amejisifu kwa kilo ambazo hakuwahi kuzipima, maana mizani aliiogopa, na saa ilimsifu bila kumpandisha popote. Chapati zote zikamrudia moyoni. Alilikunja gauni, akatoka, na Skolastika alipouliza, akajibu kwamba limemkaa vizuri sana.

Jumamosi alivaa peke yake, mlango ukiwa na komeo. Alibana pumzi, akaziba kwa pini pale zipu ilipokataa, akajitupia mtandio mgongoni. Ukumbini mshereheshaji akamwita mama mzazi aingie. Muziki ukapanda, vigelegele vikapigwa, na kila aliyekuwa na simu akaiinua. Mama alijitahidi kucheza kwa mabega tu. Kisha akamwona Kandida mbele, amevaa shela, anamlilia kwa furaha, na hapo akasahau kila kitu akanyoosha mikono yote miwili. Gauni likapasuka kuanzia mabegani hadi chini ya kiuno, na mtandio ukaanguka. Nyuma kabisa mtu akacheka, na kile kicheko mama alikisikia kuliko muziki. Alichuchumaa palepale sakafuni akiomba ardhi impokee.

Skolastika alikuwa ameshika khanga ya kuwatandikia maharusi wapite. Hakufikiri mara mbili, aliitupa juu ya dada yake akamkumbatia nayo.

Kocha Mbena akapuliza filimbi. Wanakikundi wake waliinuka kwenye meza zao na suti zao na magauni yao, wanawake wakawa duara la ndani na wanaume wakawapa mgongo, wakawa duara la nje, wakaimba na kupiga miguu kama wako barabarani alfajiri. Wageni wakadhani ni sehemu ya ratiba, wakaanza kushangilia.

Na ndani ya duara, Fundi Tindwa alipiga magoti na sindano aliyozoea kuichomeka kwenye ukosi wa koti. Alikifungua kile kilemba kichwani mwa mama, akakitia mgongoni kama kiraka, akashona juu ya mwili uliokuwepo. Bila khanga mama angeonekana, bila duara fundi asingepata nafasi, na bila sindano mama asingeinuka. Wimbo ulipoisha alisimama amesitirika, kichwa wazi, na zambarau yake mwilini.

Kwenye meza kuu, kando ya kiti cha mama, palikuwa na kiti kitupu, kiti cha marehemu baba. Wakati wa keki ulipofika, Kandida alimkabidhi mama yake sahani na kipaza sauti.

"Mama, aliyekusitiri leo akae kwenye kiti cha baba," alisema. "Umlishe keki kwa niaba yetu."

Kiti kilikuwa kimoja. Mama aliwatazama watatu wale, na hakuna aliyesogea. Skolastika aliinamisha kichwa akasema saa ilikuwa yake. Kocha akasema hesabu ilikuwa yake, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ndogo. Fundi alitazama mikono yake.

"Sisi ndio tuliokuvua," alisema. "Mtu hakai kwenye kiti cha marehemu kwa kumfunika aliyemvua mwenyewe."

Mama Kandida akahisi uso unamwaka. Watatu walikuwa wanagawana aibu mbele ya ukumbi mzima, wala hawakujua kwamba fungu kubwa liko kwake, limekunjwa tangu Alhamisi. Kipaza sauti kilikuwa mkononi. Kandida alikuwa anasubiri, na keki ilikuwa inaanza kulegea kwenye sahani.

Mimi nimemwacha amesimama hapo, sina ujasiri wa kumsogeza. Hebu nyinyi mlioketi mniambie. Kiti cha baba akikalie mwenye khanga, mwenye filimbi, au mwenye sindano? Au kibaki kitupu, mama aseme kwanza habari ya Alhamisi? Na ungekuwa wewe ndiye uliyeshika kipaza sauti kile, ungefungua mdomo?