Upawa wa Shaba wa Bi Sange

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakisonga ugali na kutandika vitanda vyao, ulikuja mwaka ambao mvua haikunyesha kabisa. Visima vikakauka. Likabaki bwawa moja dogo, maji yake yametulia kama yamelala, na humo akiishi kambare wa umeme. Mchana ungemwona kule chini akielea polepole kama kivuli cha wingu. Lakini aliyetia mdomo majini alirushwa nyuma, meno yakigongana.

Bi Sange, mdogo kama panya, mwenye pua iliyochongoka kama kijikonga, ndiye pekee aliyeweza kuchota. Mwanzoni naye alipigwa, siku ambayo mpini wa mti wa kata yake ya kuchotea ulikuwa umelowa. Akauanika juani mpaka ukakauka kau, akachota tena, asihisi kitu. Hapo akaelewa kwamba umeme haupiti kwenye mti mkavu.

Taabu yake ilikuwa Mzee Tembo, aliyejitangaza mwenye bwawa. Kila asubuhi alimngoja njiani, akamnyang'anya mtungi, akamwachia matone ya watoto. Kitinda mimba wa Bi Sange alikuwa halii tena. Alilala tu, midomo imepasuka. Bi Sange alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa upawa wa shaba aliorithi kwa mama yake, akausugua kwa majivu mpaka ukawaka kama jua la asubuhi.

Kesho yake akapita nao makusudi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Upawa wa kuchotea maji. Ila si wa watu wadogo kama mimi, mzee wangu. Unataka mwenye nguvu."

Tembo akavimba kichwa. Akawaita wanyama wote waje wamwone akichota. Bi Sange akauliza kwa upole itakuwaje akishindwa. Tembo akacheka, akaapa mbele yao kuwa akishindwa, bwawa litakuwa la wote, naye hatagusa tena mtungi wa mtu.

Akaushika upawa kwa ncha ya mkonga wake wenye unyevu, akautumbukiza. Kule chini kambare akageuka taratibu.

Tetetete! Umeme ukapanda kwenye shaba, ukaingia mkongani, ukamshuka hadi nyayoni. Upawa ukaruka huko, na mzee mzima akaketi kitako, puu, macho yamemtoka.

"Umeniloga," akanong'ona.

"Sijakuloga, mzee. Shaba huupitisha umeme, mti mkavu huuzuia."

Akachukua kata yake yenye mpini mkavu, akachota mbele ya macho yao. Maji ya kwanza akampelekea kitinda mimba wake. Mtoto akanywa, akafumbua macho, akaomba mengine. Wanyama wakapanga foleni awachotee, na Mzee Tembo akasimama mwisho, akingoja zamu yake.

Basi, wanangu, kitu kisikuvutie kwa kung'aa tu; kijue kwanza, ndipo ukishike.