Karibu Isiyo Siku

Karibu isiyo siku haipikiwi. Juzi mlimsikia Bi Mashavu akiisema kwenye simu, mpwa wake alipomwambia, "Karibu Dodoma, shangazi, siku moja uje," nanyi mkacheka mkidhani kamkata kauli kijana wa watu. Haya, acheni kucheka. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Soni, na aliyeianzisha hakuwa na la kuchekea.

Palikuwa na fundi cherehani, Mzee Shekalaghe. Mkewe alipofariki na binti zake wakaolewa mbali, alibaki na cherehani, jiko, na ukungu wa milimani unaoingia mpaka chumbani. Kupika alijifunza ukubwani, akapika vizuri. Kilichomshinda ni kula. Tonge la peke yake lilimkaa kooni, naye alimwambia yeyote aliyemsikiliza kwamba njaa si kukosa chakula, ni kukosa wa kunawa naye.

Akaja Mwalimu Hilda, Mwingereza, kufundisha sekondari. Jumamosi alasiri akawa anawafundisha watu wazima Kiingereza bure. Mzee akajiunga, si kwa kiu ya elimu, bali kwa sababu darasani mlikuwa na watu. Hata hivyo elimu ikamnogea, hasa misemo. Alicheka mpaka machozi kusikia kwamba kwa Waingereza mvua kubwa ni ya paka na mbwa, kwamba kumnunia mtu ni kumpa bega la baridi, na kwamba anayepanda jukwaani huombewa avunjike mguu. Kila msemo aliuliza maana yake mpaka akaridhika. Masika ile wateja wake walikoma kwa misemo yake: kila tone paka, kila radi mbwa.

Siku moja wakiagana mlangoni, Mwalimu alimwambia kwa Kiingereza kwamba lazima siku moja wale pamoja. Yalikuwa maneno mepesi, na Mzee aliyajua yote. Hakuuliza kitu. Akajibu, "Karibu sana, Mwalimu. Wakati wowote."

Kwetu, mnajua, mgeni haulizwi siku. Ukimuuliza atakuja lini, ni kama umeweka kufuli mlangoni. Mzee akafanya kama alivyolelewa. Jumapili akachinja jogoo, akapika ndizi kwa nazi, akatandika mkeka, akaweka birika la kunawia. Mchana ukapita. Jioni akawagawia majirani. Jumapili iliyofuata, vivyo hivyo, na iliyofuata tena. Kuku wakapungua bandani, majirani wakanenepa. Mzee hakumuuliza Mwalimu mwenyewe, maana mgeni hadaiwi kuja. Lakini moyo ulimuuma. Alijiona mzee asiyetamaniwa, yeye wala chakula chake, na mwishowe akaacha kwenda darasani. Kupika hakuacha.

Halafu mkataba wa Mwalimu ukaisha. Jumapili ya kuondoka alipita kwa Mzee kumuaga, gari likimngoja barabarani. Akakuta mkeka, birika, na chungu kimefunikwa.

"Unangoja mgeni, Mzee?"

"Nakungoja wewe."

"Mimi?"

"Tangu masika. Si ulisema tutakula pamoja?"

Mwalimu akakaa chini pale pale mkekani. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, siku hiyo kikawa cha polepole zaidi. "Mzee, kwetu maneno yale ni ya kuagania. Mtu akikutaka mezani kwake hukutajia siku na saa. Asipotaja, huendi."

"Kumbe ulinidanganya?"

"Hapana. Nilitamani kuja. Nilikuwa nangoja unitajie siku. Soni nzima imeniambia karibu. Sokoni karibu, njiani karibu. Hakuna aliyetaja siku, nikajua ni heshima tu. Jumapili zote nimekula mkate peke yangu dirishani, nikiwaangalia watu wanavyotembeleana."

"Na mlango wangu ulikuwa wazi," alisema Mzee.

"Nami nilikuwa nangoja kuitwa."

Honi ikalia barabarani. Mzee alichukua birika akamnawisha, akafunua chungu. Walikula matonge machache. Honi ikalia tena. Mwalimu akaondoka na mkono wake una mafuta ya kuku, akilia, na Mzee akabaki na chungu ambacho hakikupungua.

Baadaye aliwaambia wenzake wa darasani, "Ile ya paka na mbwa haikunidhuru. Ilikuja na vituko vyake, nikaiuliza. Iliyonimaliza ni ile iliyokuja imevaa nguo za nyumbani."

Tangu siku hiyo, mtu akimwambia "Mzee, karibu kwetu," alikuwa anaweka mkasi chini na kuuliza hapo hapo, "Siku gani?" Wengine walimwona mlafi, wengine walisema uzee umemwondolea haya. Yeye aliwajibu, "Karibu isiyo siku haipikiwi." Waliomwelewa walitaja siku. Naye alikwenda, akanawa na watu, akala.

Kwa hiyo Bi Mashavu hakumkata kauli mpwa wake. Mume hana, watoto hakujaliwa, na huyo kijana ndiye damu yake iliyobaki. Alikuwa anamwomba amtajie siku. Begi lake amekwisha kulifungasha, liko nyuma ya mlango, nendeni mkalione. Kisha mpigieni huyo kijana simu, mwambieni karibu isiyo siku haipikiwi.