Mistari ya Chokaa ya Mwinyi Dadi

Palikuwa na Sultani aliyechoka kulalamikiwa, jina lake Mwinyi Dadi. Wengine huondoa shida za watu. Huyu akaamua kuondoa masikio yake. Akachorewa mistari miwili ya chokaa mbele ya kiti chake. Kadhi, mlangoni na fimbo yake ya kupimia, akatangaza:

"Yeyote aliye ndani ya hatua kumi kutoka kitini, kimya! Kuanzia kumi hadi ishirini, asifu tu. Akipita ishirini, aseme atakalo. Atakayekosea, dai lake limeanguka!"

Na hatua ya ishirini, wenzangu, iliishia mlangoni. Ukitaka kulalamika, walalamikie mbuzi wa uani. Hiyo nayo sheria?

Akaja Mize, mfinyanzi mjane. Sultani alikuwa amemnyang'anya shimo lake la udongo, eti alifanye bwawa la bata. Bila udongo hapana vyungu. Bila vyungu, wanawe wangekula nini? Akasimama hatua ya kumi na tano.

"Haya, mama vyungu," Sultani akacheka. "Sema, lakini sifa tupu!"

"Mwinyi wangu ana nguvu jamani! Ana mashamba saba, na bado amepata mkono wa kubeba shimo la mjane."

Baraza zima likashikwa na kikohozi.

"Hiyo ni sifa?"

"Tena kubwa. Mimi vyungu viwili tu hunilemea."

"Hebu njoo hapa mbele!"

Mize akasogea mpaka hatua ya tatu.

"Nani kakufundisha ufedhuli huo?"

Kimya.

"Nakuuliza, we mwanamke! Umemeza ulimi?"

Mize akamtazama tu. Kadhi akaita kutoka nje ya mlango, "Hawezi kujibu, Mwinyi. Yuko hatua ya tatu."

"Basi kama hana la kusema, shimo ni langu! Nimehukumu!"

Mize akainama kwa adabu, akageuka. Akavuka mstari wa kwanza, wa pili, akatoka mlangoni, akasimama katikati ya mbuzi. Hapo ndipo alipopaza sauti.

"Kadhi!"

"Naam, Mize."

"Aliye ndani ya hatua kumi akisema, dai lake linakuwaje?"

"Linaanguka."

"Awe nani?"

"Yeyote. Si nilitangaza mwenyewe?"

"Basi ingia na fimbo yako, baba, unipimie: kutoka kitini mpaka kwa huyo aliyekikalia, ni hatua ngapi?"