Mkono wa Mfadhili

Mfadhili wa timu ya besiboli ya shule, Bwana Mashimba, alimfokea kocha Tabu: "Ati mtoto akirusha mipira sabini na tano apumzike siku nne? Huyo mrushaji wetu Sikudhani amerusha hiyo jana, fainali ni leo. Atarusha!"

"Hewala, mzee. Ila mechi uifungue wewe, kwa mpira wa heshima."

Akarusha. Watu wakashangilia.

"Mpiga picha hakuwahi, mzee. Rudia."

Akarudia, akaweka pozi, akarudia tena, mpaka mpira wa arobaini.

Ndipo Tabu akawageukia wajumbe wa kamati ya timu: "Anayetaka Sikudhani arushe leo, ainue mkono anaorushia."

Wajumbe, kama kawaida yao, wakamtazama kwanza mfadhili. Akajikakamua. Mkono ukagoma usawa wa kitambi.

Wajumbe wakatia mikono yao mifukoni.