Punje Moja ya Karanga na Walezi Watatu wa Tunu

Hapo zamani, wakati barabara haijafika kijiji cha Mlalani na mpunga bado unavunwa kwa kisu, aliishi mjane mmoja aitwaye Hidaya. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Tunu, wa mwaka mmoja na miezi minne. Tunu alikuwa ameshaachishwa ziwa, na hatua zake zilikuwa za kupepesuka, tatu mbele, moja chini kwa makalio.

Mavuno yakafika. Shamba la Hidaya lilikuwa bondeni, kwenye mbu wa kutisha, si mahali pa kumpeleka mtoto. Akambeba Tunu hadi kwa Bi Mashavu, mkunga wa kijiji.

"Mwezi mmoja tu, Bi Mashavu."

"Mwanangu, magoti yangu hayawezi tena kukimbizana na mtoto wa umri huu. Lakini nina vijana watatu wanaojifunza ulezi kwangu. Watamlea mbele ya macho yangu."

Vijana wenyewe walikuwa Saumu, Mbaruku na Chiku. Mkubwa wao alikuwa na miaka kumi na sita. Siku ya kwanza Bi Mashavu aliwaketisha.

"Mtoto huyu anaijua dunia kwa mdomo. Akiona kitu, anakionja. Na meno yake ya kusagia hayajatimia. Kwa hiyo karanga nzima, bisi, mbegu, visimfikie. Mmenisikia?"

"Tumekusikia, Bi Mashavu."

Basi wakaanza kulea. Saumu aliogesha, alipika uji, na aliuliza. Loo, aliuliza! Akitapika nifanyeje? Akiungua nifanyeje? Akipaliwa nifanyeje? Mkunga alipochoka kujibu, alimfungia kitambaa kikawa kama mtoto, akamwonyesha kwa mikono, na Saumu akarudia mpaka akaambiwa basi.

Mbaruku yeye alizungumza. Alimtajia Tunu kila kitu: hiki kijiko, yule kuku, hili sikio lako. Tunu akijibu "ku! ku!", Mbaruku naye hujibu kama anaongea na mtu mzima. Siku kumi hazikupita akawa anajua kilio cha njaa, kilio cha usingizi na kilio cha kudeka.

Chiku alicheza. Alitambaa naye, akajificha nyuma ya mlango, akamwacha aanguke na asimame mwenyewe. Tunu alipotembea kutoka ukutani hadi mlangoni bila kushikwa, ni Chiku aliyekuwa mlangoni amepanua mikono.

Siku ya kumi na nane, asubuhi, Chiku alikaanga karanga. Akaziweka kwenye kigoda uani, Tunu akicheza karibu, akaenda jikoni kuchukua chumvi. Ni hapo hapo tu, alijiambia. Saumu alikuwa sebuleni akikunja nguo, ameupa ua mgongo. Mbaruku alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni.

Mbaruku akasimamisha shoka. "Saumu! Mbona Tunu kanyamaza?"

"Labda kalala."

"Akienda kulala hunung'unika kwanza. Ukimya huu siujui."

Akatupa shoka, akakimbia. Akamkuta Tunu kando ya kigoda, mdomo wazi, sauti haitoki, midomo inageuka rangi. Akamnyakua. Kisha mikono ikamganda. Hakujua la kufanya.

"Saumu! Njoo!"

Saumu alikuja mbio, akampokea mtoto, akaketi, akamlaza kifudifudi pajani, kichwa kikiwa chini. Akampiga kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Mara ya tano punje ya karanga ikaruka chini, na Tunu akalia. Watu wa nyumba ile hawajawahi kufurahia kilio namna ile!

Bi Mashavu akafika akihema. "Karanga zimetoka wapi?"

Hakuna aliyekuwa ameona. Chiku angeweza kunyamaza. Lakini alisimama pale na chumvi mkononi, akasema, "Ni mimi, Bi Mashavu. Niliziweka mimi."

Mnadhani yaliishia hapo? Tunu alikataa kula. Alikuwa anaogopa kumeza. Saumu alimpa uji, akautema. Mbaruku alimwimbia, akasikiliza, lakini mdomo ukabaki umefungwa. Alikubali maji kidogo tu. Siku mbili. Siku ya tatu mtoto akalegea, na Bi Mashavu akaanza kutafuta mtu wa kumwita mama yake.

"Nipeni mimi," Chiku akasema.

Hakuchukua kijiko. Aliketi chini na bakuli la uji, akachovya kidole akalamba. Akamwachia Tunu bakuli. Tunu akachovya, akajipaka shavuni, akampaka Chiku puani. Chiku hakumharakisha. Mwisho Tunu akamlisha Chiku kwa kidole chake mwenyewe, akacheka, kisha akakilamba kile kidole. Siku sita Chiku hakuondoka kwenye mkeka ule. Siku ya saba Tunu alikula bakuli zima.

Hidaya aliporudi alielezwa kila kitu, bila kufichwa. Alimkumbatia mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kesho alfajiri narudi bondeni kwa miezi mitatu, kuandaa shamba la msimu ujao. Safari hii nataka mlezi mmoja. Mtoto mdogo anahitaji sura moja ya kuitegemea."

Mbaruku akasema, "Nipe mimi. Namjua hata akinyamaza. Bila masikio yangu, Saumu angekuja kupokea maiti."

Saumu akasema, "Nipe mimi. Mbaruku alisikia, akamshika, akaganda. Aliyemrudishia pumzi ni mimi."

"Nawe ulikuwa hatua kumi kutoka kwake," Mbaruku akajibu, "hukusikia kitu!"

Chiku akasema wa mwisho. "Mama Tunu, kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Lakini nilipokosea sikujificha, na alipokataa kula nilikaa naye hadi akala. Hakuna katika kijiji hiki atakayeogopa punje ya karanga kama mimi."

Hidaya akamgeukia mkunga. "Bi Mashavu, nimpe nani?"

"Mtoto ni wako," Bi Mashavu akasema. "Mimi nimewafundisha wote watatu, na wote watatu ninawaonea fahari."

Haya, nyinyi wenye miaka kumi na minne, kumi na mitano, mnaoachiwa wadogo zenu kila siku! Asiniambie mtu "wote", maana Hidaya anamtaka mmoja, na alfajiri haiko mbali. Aliyesikia ukimya, aliyejua la kufanya, au aliyekosea akakiri na kutengeneza?

Je, nani alistahili kukabidhiwa Tunu?