Mbegu Zilizooshwa kwa Maji ya Moto

Sogeeni, mkae. Mkae vizuri, maana mwanamke ninayemsimulia hakukaa. Namkunda wa milima ya Upare, tangu hadithi hii inaanza mpaka hapa nitakapoiachia, alikuwa akienda mlangoni na kurudi, akienda mlangoni na kurudi. Hata mimi nikimkumbuka miguu inaniwasha.

Kijijini kwake walikuwepo watu watatu wenye vipawa. Wa kwanza ni Senkondo, mganga wa mitishamba, na kipawa chake kilikuwa ulimi. Ukimpa chai, alikuambia sufuria yako jana ilipikiwa nini. Wa pili ni Eliaichi, binti wa hapohapo aliyekwenda mjini kusomea mimea, na kipawa chake kilikuwa macho. Alirudi likizo na hadubini ndani ya sanduku la mbao, watoto wakapanga foleni kuangalia miguu ya kiroboto. Wa tatu ni Bibi Mwanaidi, na kipawa chake, kama mtakubali kukiita hivyo, kilikuwa ubishi. Ukimwambia mvua inanyesha, alitoka nje kwanza kuhakikisha.

Namkunda yeye alikuwa na usafi. Kijiji chote kilikuwa na usafi, msidhani ni yeye peke yake. Kule ua ulifagiliwa mara mbili kwa siku, na mwanamke mwenye mbegu za madoadoa alisemwa kisimani mpaka akome. Ndiyo maana walimkabidhi Namkunda mbegu za mpozakifua, kile kichaka ambacho wao huchemsha majani yake mtu akibanwa na kifua.

Sasa mbegu za mpozakifua zilikuwa na kasoro moja: zilizaliwa na ukungu mwembamba wa kijivu. Namkunda aliona haya kugawa kitu kama kile. Akazimwagia maji ya moto, akazisugua kwa majivu, akazianika kwenye ungo, akagawa. Vichaka vilivyoota viliwashangaza watu. Virefu, vya kijani, bila doa hata moja! Majirani wakang'oa vichaka vyao vya zamani, vifupi na vyenye madoa, wakapanda vya Namkunda. Alisifiwa misimu mitatu, na sifa zilimkolea, kwa nini niwafiche.

Msimu wa nne, binti yake Nakiete, mtoto wa miaka saba, akabanwa na kifua. Zahanati walimpa dawa, akapata nafuu siku mbili, kisha hali ikarudi mbaya kuliko mwanzo. Wakasema apelekwe hospitali kubwa. Lakini mlima ulikuwa umeporomoka, barabara imefunikwa, na hakuna aliyejua itafunguliwa lini. Namkunda akachemsha majani. Kikombe cha kwanza, cha tatu, cha sita. Mtoto alihema kama anapanda mlima, na alikuwa amelala. Mama akaenda mlangoni, akarudi.

Akamwita Senkondo. Senkondo akaonja kikombe, akatema, akaonja tena.

"Mama Nakiete, haya ni maji ya majani."

"Si ndiyo dawa?"

"Ilikuwa dawa. Uchungu wake haupo. Msimu wa nne huu sijaonja jani, nilitazama urefu wa kichaka nikaridhika." Akakiweka kikombe chini. "Wote niliowapa, niliwapa maji."

Akatoka akayasema hayo mbele ya watu, kwa sauti, akijua kwamba anajifungia kazi yake mwenyewe. Kufikia adhuhuri hakuna aliyepita tena mlangoni kwake. Lakini bila ulimi ule, Namkunda angechemsha kikombe cha saba, cha nane, mpaka mwisho.

Senkondo alimpelekea Eliaichi jani la kichaka kirefu, pamoja na jani kavu la zamani alilolihifadhi kwenye mkoba wake. Eliaichi akayakata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, akavitia rangi, akainama kwenye hadubini mpaka shingo ikakataa. Namkunda alikuwa nyuma yake, akitembea.

"Dada, kaa basi, unatikisa meza."

"Siwezi. Unaona nini?"

"Ndani ya jani la zamani kuna nyuzi nyembamba sana. Ni kuvu. Anaishi humo na hauumizi mmea. Katika jani jipya hayupo kabisa."

"Si afadhali hayupo?"

"Hapana. Mmea una homoni zake, ndizo zinazouambia refuka au tulia. Kuvu huyu naona anaziingilia. Akiwemo, kichaka kinabaki kifupi na nguvu zake kinazitia kwenye uchungu. Asipokuwemo, kinakimbilia urefu tu. Naye hupita kwenye mbegu, kutoka mama kwenda kwa mtoto." Akageuka. "Mbegu mliziosha na nini?"

Namkunda alitazama mikono yake, akaona kwa mara ya kwanza kwamba usafi wake ndio uliokuwa ukimkaba mtoto. Iliuma, jamani. Iliuma vibaya.

"Kinachotakiwa," Eliaichi akasema, "ni kichaka ambacho mbegu yake haikuoshwa. Kifupi, chenye madoa. Kile ambacho ninyi mngekiita kigonjwa." Pale kijijini karibu kila mtu alikuwa ameacha kukitia mdomoni kitu cha namna hiyo, hata Senkondo. Bila macho ya Eliaichi wangekipita.

Nacho kilikuwepo kimoja tu, nyuma ya banda la mbuzi la Bibi Mwanaidi. Bibi huyu alikuwa amekataa mbegu za Namkunda misimu yote mitatu, akaitwa mchafu kisimani, na aliyeanza kumwita hivyo alikuwa Namkunda. Sasa Namkunda akasimama uani kwake, mguu huu, mguu ule.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuniogesha?"

"Bibi, mtoto wangu anakufa."

Bibi Mwanaidi alikuwa na kifua pia. Kichaka kile ndicho kilichomfikisha uzee ule, na majani yake yalikuwa machache, ya kumtosha mtu mmoja. Aliyachuma yote. Aliacha vijiti vitupu na mbegu chache juu, akamtilia Namkunda majani kwenye khanga.

Nakiete alikunywa siku tatu. Siku ya nne alivuta pumzi ndefu, akaomba uji. Siku ya tano alimrushia kuku kijiko.

Mnadhani hadithi imeisha? Kule kwao, mtoto aliyevuka ugonjwa wa kufa haitwi tena jina lake la kwanza. Aliyemvusha humpa jina jipya, na huwa mzazi kwelikweli: mtoto hukaa kwake kila mavuno, na yeye ndiye humsimamia siku ya kuolewa. Mzazi huyo ni mmoja. Mama humkabidhi kwa kuuweka mkono wa mtoto mkononi mwake, siku ya nane, jua likiwa bado juu.

Siku ya nane wote watatu wakaja, kila mmoja na jina lake.

"Nitamwita Kweli," akasema Senkondo. "Kwa ajili yake nilisema kweli, na nyumba yangu sasa haina mgeni."

"Mimi nitampa jina la mama yangu," akasema Eliaichi. "Kifua ndicho kilichomuua, nami nilikuwa mdogo, sikujua pa kutazama. Safari hii nilijua."

"Ataitwa Vumbi," akasema Bibi Mwanaidi, "ili mama yake alitamke kila siku." Watu wakacheka, naye akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Akakohoa kwa muda mrefu, ameshika nguzo ya nyumba. Mbegu zilizobaki kwenye kichaka chake zilikuwa ndiyo kwanza zimefukiwa, na majani bado.

"Na huyo kuvu wa ndani ya jani?" Nakiete akauliza. "Yeye hataki kunipa jina?"

Namkunda aliushika mkono wa binti yake, akapiga hatua kumwelekea Senkondo. Akasita. Akamgeukia Eliaichi. Kikohozi kikaanza tena pale kwenye nguzo, akageuka kule, kisha akakumbuka kwamba bila ulimi na macho asingefika kabisa kwenye banda lile la mbuzi. Jua lilikuwa linagusa ukingo wa mlima. Mtoto akauvuta mkono wake.

"Mama, mimi naitwa nani sasa?"

Haya, mliokaa. Mimi namwacha hapo Namkunda, amesimama na mkono wa mtoto mkononi mwake, na jua halimsubiri. Ungekuwa wewe, mkono huo ungeuweka mkononi mwa nani?