Mapengo ya Nyota na Gunia la Fisi

— Wenzangu, macho yapo?
— Yapo!
— Na masikio?
— Yako wazi, mimina!

Zamani, hewa ilipokuwa nyembamba, eksirei za Nyota, miale isiyoonekana kwa macho, zilishuka hadi kwenye kilima cha wanyama. Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, alizipima kila siku. Zikiingia kwenye chombo chake zilijipanga mstari, dhaifu mwanzo, kali mwisho: ti, ti, ti!

Siku moja Nyota ikafifia. Fisi akapaza sauti, "Nyota inakufa! Kilima cha kazi gani tena? Nipeni mimi nichimbe pango."

Tembo, mkubwa wao, akasema, "Sange, una siku tatu. Usipoonyesha kuwa Nyota ni hai, kilima cha Fisi."

Sange akapima. Ti, ti, pengo! Ti, ti, pengo! Akapima tena. Mapengo yaleyale mawili.

"Ingekuwa inakufa, mstari mzima ungefifia," akawaza. "Eksirei za mapengo haya zimemezwa njiani."

Akawasha taa yake ndogo ya eksirei, akaweka mbele yake chupa ya oksijeni. Atomu zikameza, gwi! Pengo la kwanza, mahali palepale. Akaweka unga wa chuma. Gwi! Pengo la pili. Chuma na oksijeni: kutu! Lakini kutu ya nani?

Siku ya tatu akasema, "Mjomba Fisi, tushindane mbele ya taa. Kila mtu na mzigo wake. Atakayemeza eksirei nyingi, kilima chake."

"Wewe kipua, umeze nini?" Fisi akacheka.

Lakini hakutaka kushinda kidogo. Akakimbia, akarudi na gunia, akalitua, puu! Vumbi jekundu likatanda. Ti, ti, pengo! Ti, ti, pengo!

"Mjomba, umemeza kweli! Mzee Tembo, hebu linganisha."

Tembo akaweka mstari wa Fisi juu ya ule wa Nyota. Haikupishana hata kwa unywele.

"Fisi," akauliza polepole, "gunia hili ulilikung'utia wapi?"

"Kule jabalini tu, upande wa... wa..."

Upande wa Nyota! Fisi mbio, tifu-tifu-tifu, mpaka leo.

Upepo ukaanza kulipeleka vumbi. Kila asubuhi mapengo yalipungua kidogo, na Sange akayapima yote, mara mbili mbili.

Funzo: wadogo wasipime mambo ya wakubwa. Na ukiambiwa nyota yako imekufa, lia haraka, usijisumbue na mapengo.

Hadithi naitua hapa. Anayeibeba, aipime kwanza.